Mtoto wa Sista

Wakufunzi walipotuuliza siku ya kwanza kwa nini tumechagua ukunga, wenzangu wote walijibu kwamba wanapenda kuwasaidia akina mama. Nami nikajibu hivyo hivyo, kwa sauti ya upole. Ukweli ni kwamba niliitamani kazi hiyo tangu siku nilipomwona mwanajeshi mwenye bunduki akifukuzwa kama kuku.

Ilikuwa wakati wa vita vya Uganda, nikiwa bado shule ya msingi. Mizinga ilipoanza kusikika mpaka kwetu Kanazi, tulifunga nyumba tukaelekea kusini kwa miguu, njia ya Muleba, baba akiwa na godoro kichwani na mama akiwa na mimba iliyofikia siku zake. Uchungu ukamshika njiani. Tukaingia kwenye kibanja cha watu tusiowajua, katikati ya migomba, na mwanamke wa nyumba ile akatoka, akamtazama mama mara moja, akaanza kutoa amri. Baba akatumwa maji. Mzee wa nyumba akaambiwa ahamie jikoni. Kibarazani alikuwa amekaa mwanajeshi wetu mmoja, bunduki magotini, akauliza kuna nini.

"Toka," yule mwanamke akamwambia.

"Mama, mimi nina amri ya kukaa hapa."

"Amri ya nani? Huyo aliyekuamuru amewahi kuzaa?"

Mwanajeshi akafikiri kidogo, akachukua bunduki yake, akaenda kusimama mbali kwenye mibuni akiwa ametugeuzia mgongo. Hakugeuka mpaka mdogo wangu alipolia. Nami, nikiwa nimeshika kibuyu cha maji ambacho hakuna aliyekihitaji, nikasema moyoni: kazi ya mwanamke huyu ndiyo nitakayoifanya.

Nilipoingia chuo cha ukunga, vita vilikuwa vimekwisha na ugonjwa umeshaingia. Chuo chetu kilikuwa kidogo, ndani ya uwanja wa hospitali ya misheni, wilayani Muleba. Ugonjwa wenyewe watu waliuita mwanzoni kwa jina la shati moja la magendo lililokuwa likitoka ng'ambo ya mpaka. Baadaye wakaacha kuuita jina lolote. Walisema tu "anaumwa," wakatazama pembeni, nawe ukaelewa. Glavu tulizichemsha, tukazijaza maji kutafuta matundu, tukaziba zilizotoboka, tukazianika kwenye kamba kama soksi. Kila wiki kulikuwa na maziko upande fulani wa kilima. Na katikati ya hayo yote sisi wanafunzi tulikuwa tunacheka kuliko watu wengine wote wa wilaya. Tulicheka kanisani, tulicheka bwenini, tulicheka tukikunja mashuka. Sijui niseme nini. Labda ni umri, labda tulikuwa tunaogopa.

Aliyetufundisha alikuwa mtawa, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Izimbya, mfupi, mnene, mwenye viatu vya mpira visivyotoa sauti. Ulijua amefika pale tu alipokuuliza, akiwa nyuma ya sikio lako, unacheka nini. Chuoni kila mtu alimwita Sista, na hospitali nzima, ukisema Sista bila kuongeza neno, ni yeye.

Sista alikuwa na doli la kufundishia. Lilitoka Ulaya, ukubwa wa mtoto mchanga kabisa, kichwa kizito, kitovu cha kamba ya kitambaa kilichobanwa tumboni kwa kifungo cha chuma, na kondo la nyuma la kitambaa chekundu. Lilipokuja lilikuwa la rangi ya waridi. Wanafunzi waliotutangulia waliona akina mama wa Kihaya watashtuka, wakalipaka rangi ya viatu, ya kahawia, na likatokea vizuri sana ila lisiguswe na maji. Nilipokwenda kusomea shahada ya ukunga chuo kikuu, miaka mingi baadaye, nikiwa mama mwenye mvi kati ya vijana, nilikuta doli la umeme linalolia na kubadilika rangi likikosa hewa. Nililiheshimu, lakini halikuwa na maisha. Lile letu Sista alilitoa kabatini kwa mikono miwili na kulirudisha kwa mikono miwili, akifunga kwa ufunguo aliouvaa shingoni pamoja na msalaba. Ndiyo maana, akiwa hayupo, tulikuwa tukiliita Mtoto wa Sista.

Mwaka wa mwisho tulitakiwa kwenda vijijini kuwafundisha akina mama kujiandaa kwa uzazi salama. Mimi nikapangiwa kisiwani, pamoja na mwenzangu mmoja wa Nshambya, msichana mrefu, mwembamba, ambaye alikuwa na kipaji cha kusema jambo lolote akikutazama machoni. Sista akatukabidhi doli likiwa limeviringishwa taulo.

"Nataka arudi kama alivyoondoka," akasema.

"Sista, huyu si mtu," mwenzangu akamwambia.

"Hata wewe wakati mwingine nina mashaka nawe. Lakini nataka urudi."

Tulipofika mwaloni, pale ufukweni zinapopakia boti, boti ya kisiwani ilikuwa imejaa: magunia ya unga, chumvi, nyavu mpya, na wafanyabiashara wa samaki wamekalia mizigo yao. Nahodha hakutaka hata kutusikiliza. "Nafasi hakuna. Njooni kesho."

Mwenzangu akanivuta nyuma ya rundo la kreti za soda. Kabla sijajua anataka nini, alikuwa amelitoa doli kwenye taulo, amelibandika mgongoni kwangu, na kulifunga kwa kitenge, kichwa kikiwa kimefunikwa vizuri.

"Wewe usiseme kitu," akaniambia. "Tembea kama hukulala."

Tukarudi. Akasimama mbele ya nahodha, akapaza sauti ili boti nzima isikie. "Yaani kaka, utaacha mtoto mchanga kwenye jua hili mpaka kesho?"

Nahodha akafungua mdomo, lakini abiria walishamtangulia. Mmoja akamwita katili. Mwingine akamuuliza kama yeye alizaliwa na jiwe. Wakasogea, wakabanana, nikapewa nafasi nzuri kuliko zote, katikati ya boti, juu ya gunia la unga, mahali maji yasipofika. Mwenzangu akakaa miguuni pangu kama yaya mwaminifu.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnunuzi wa dagaa, mtu mzima, mwili mkubwa, khanga imefungwa kifuani. Alinitazama kwa muda, akatazama kiuno changu, akatazama kifua changu.

"Huyu mtoto si wako," akasema.

Mimi nikaangalia ziwa. Mwenzangu akajibu: "Hapana, mama. Ni mtoto wa Sista. Sisi tunatunza tu."

Mazungumzo yote botini yakakatika. "Sista yupi? Yule mfupi wa hospitali?"

"Huyo huyo."

"Maawe!" yule mama akasema, akishika shavu, na macho yake yaling'aa kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. "Na huyu mtoto kampata wapi?"

"Ulaya," mwenzangu akasema.

Baadaye aliapa kwamba hakusema uongo hata neno moja, na kwa kweli ukipitia maneno yake huwezi kumshika popote. Lakini mimi niliyebeba ushahidi mgongoni nilikuwa natoka jasho, na nilijua kwamba jasho na rangi ya viatu havipatani.

Kwa muda tulisafiri raha mustarehe. Nilipewa kipande cha sangara wa kukaanga na chai ya maziwa kwenye kifuniko cha chupa. Yule mama akanishauri namna ya kumkinga mtoto na upepo. Akauliza mbona halii. Nikasema ni mpole. Akauliza kama tangu asubuhi amekojoa. Nikasema bado, na hilo likamtia wasiwasi.

Tulipotoka kwenye ghuba upepo ukaongezeka na maji yakaanza kuruka mpaka katikati. Yule mama hakuvumilia tena. Akapeleka mkono nyuma yangu ili avute kitenge, amfunike mtoto vizuri, na kiganja chake kikatua kwenye paji la uso. 

"Ni wa baridi," akasema polepole. Kisha akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika nchi kavu. "Mtoto amekufa! Amefia mgongoni!"

Nahodha akazima injini. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakaanza kulia, kilio kile cha kwetu kinachoanzia juu na kushuka, na mzee mmoja akatoa rozari mfukoni akaanza bila kuulizwa. Boti nyingine iliyokuwa ikitoka kisiwani kwenda bara, imejaa wafanyabiashara, ikapunguza mwendo karibu nasi. "Kuna nini hapo?"

"Mtoto wa Sista wa hospitali amefariki!"

"Poleni! Poleni sana!" wakajibu, wakaongeza mwendo, wakaenda zao na habari hiyo kabla sijapata hata pumzi.

Nikasimama. "Jamani, hajafa."

"Kubali, mwanangu," yule mama akasema, akinishika mkono. "Kubali tu."

"Mama, hajafa. Huyu hajawahi kuwa hai."

Kilio kikaongezeka maradufu. Kumbe kwao nimesema mtoto alizaliwa maiti, na nimekuwa nikitembea naye mgongoni kwa uchungu. Mwanamke mmoja akanikumbatia na kunipapasa kichwa.

Hapo mwenzangu akaona mambo yamemzidi. Akalifungua doli mgongoni kwangu, akalinyanyua juu watu wote walione, akashika kitovu, akavuta. Kifungo kikatoka, pwa! Akakibana tena. Akakivuta tena, pwa! "Ni doli!" akapiga kelele. "Doli la kufundishia uzazi! Tazameni!"

Kilio kikakatika. Maji tu yaligonga ubavu wa boti. Yule mama wa dagaa alinitazama, na uso wake haukuwa wa mchezo.

"Nimezika wanangu," akasema. "Na wa mwisho nimemzika juzi juzi tu, hata matanga hatujamaliza vizuri. Halafu ninyi mnaniliza kwa ajili ya mpira?"

Nikainamisha kichwa. Mwenzangu naye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliangalia miguu yake. Yule mama akafuta machozi, na alipofuta ndipo akaona kiganja chake ni cha kahawia. Akakinusa. Akakinusa tena.

"Hii si rangi ya viatu?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

Kicheko kilimwanzia tumboni. Alijaribu kukizuia, kikamtoka puani, kisha mdomoni, mpaka akajilaza juu ya gunia la chumvi akipigapiga paja lake, machozi yakitiririka upya na rangi ya viatu imemchora mashavu yote mawili. Boti nzima ikafuata. Mzee wa rozari alicheka akiwa bado ameishika. Nahodha peke yake hakucheka. Alituhamishia kule mbele kabisa, tukalowa mpaka kisiwani.

Tulidhani atatutukana mbele ya watu tukishuka. Badala yake yule mama alituchukua sisi na doli letu mpaka nyumbani kwake palepale kisiwani, akatupa nguo kavu, na kesho yake asubuhi akapita kambi nzima ya wavuvi akitangaza: "Njooni muone mtoto aliyeniliza bure!" Wanawake walijaa kwenye uwanja wa kuanikia dagaa kuliko tulivyotarajia, na wavuvi nao wakaja. Hatukuwa na kiuno cha mfano cha kuonyeshea njia ya mtoto, kwa hiyo mwenzangu akachukua katoni, akaitoboa tundu, akatafuta mtu wa kuipakata. Akamchagua mvuvi mmoja kifua wazi, mwenye majigambo, aliyekuwa akisema kwamba wanawake wanapiga kelele bure.

"Haya, baba. Sukuma."

"Nisukume nini?"

"Sukuma! Mtoto amekwama, na wewe unaongea!"

Wanawake wakamzunguka, wakamwimbia, wakamfuta jasho, wakamkemea anavyokemewa mzazi anayebana miguu. Alipojifungua hatimaye, kwa kichwa kilichotoka vizuri na mabega yaliyotaka ustadi, palipigwa vigelegele, naye akaomba maji ya kunywa kwa sauti ndogo. Tulifundisha namna ya kukata kitovu kwa wembe mpya uliochemshwa, na kwa nini mtu asiguse damu mikono mitupu. Kuhusu zile kinga za wanaume, Sista alitukataza kabisa kuzungumzia, kwa hiyo mwenzangu alizungumzia samaki wanaoingia kwenye mfuko na wasiotoka, na kila mtu alielewa.

Katikati ya somo yule mama alikuja akanigusa bega. Alikuwa hacheki. Mkwe wake, mjane wa yule mwana aliyezikwa juzi, alikuwa ameshikwa na uchungu.

Nilimkuta chumba cha nyuma, msichana wa umri wangu, mwembamba mno, macho makubwa, midomo imekauka. Alikuwa peke yake. Majirani waliokuwa wakipiga vigelegele uwanjani walijua mumewe alikufa kwa nini, na hakuna aliyetaka kuvuka kizingiti kile. Nilivaa glavu zangu, za viraka viwili, na nikasita. Nisiseme nilikuwa jasiri. Niliangalia vile viraka. Kisha yeye akasema, "Dada, usiponishika nitaanguka," nikamshika.

Mtoto alikuja mchana, jua likiwa limechoma bati mpaka chumba kizima kikawa tanuri. Alikuja taratibu, na hakulia. Alikuwa mzito mikononi mwangu, kimya, rangi yake mbaya. Nyuma yangu nikamsikia bibi yake anasema kwa sauti iliyovunjika, "Safari hii usinitanie, mwanangu. Nakuomba." Nilimfuta mdomo, nikamfuta pua, nikamgeuza, nikamsugua mgongo kwa khanga, nikamsugua tena. Mwenzangu alikuwa amepiga magoti kando yangu akimwita mtoto majina yote mabaya aliyoyajua. Mtoto akakohoa. Akakunja uso kama mtu aliyeamshwa kwa ajili ya upuuzi, akalia.

Tulikaa kisiwani mpaka mama yake alipoweza kuketi na kula, kwa hiyo tulichelewa kurudi. Na habari ilikuwa imetutangulia.

Tulipoingia uwanja wa hospitali tulikuta mkeka umetandikwa mbele ya nyumba ya watawa. Katekista alikuwapo, ameketi kwa heshima zote. Akina mama wa parokia walikuwapo, wamejitanda. Mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa ukutani, maharage, na kibuyu cha maziwa. Sista alikuwa katikati yao, mikono kwenye mapaja. Kumbe kwa muda wote huo watu walikuwa wakija kumpa pole kwa kufiwa na mtoto, wengine kwa huzuni na wengine ili wamwone usoni, na kila alipowaambia hana mtoto, walimwambia kwamba wanaelewa, Mungu ni wa huruma.

Alituona. "Mleteni mwanangu," akasema.

Nikampelekea doli. Lilikuwa limebaki na mistari, waridi na kahawia, kama punda milia, na kifungo cha kitovu kimelegea. Sista akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma. Kisha akageukia akina mama wa parokia.

"Waitu, ndugu zangu, huyu ndiye marehemu. Kwa kuwa mmeshakaa, mtafundishwa. Hawa wasichana wawili wataanza sasa hivi, hawatakaa, hawatakula, mpaka kila mmoja wenu ajue kufunga kitovu. Na wewe katekista."

"Mimi, Sista?"

"Ulikuja kuhani mtoto. Utamzaa."

Tulifundisha mpaka miguu ikawaka moto. Ndizi zilipikwa, harufu ikatupitia puani, waombolezaji wakala, sisi tukaendelea. Katekista alikuwa na mikono laini kuliko tulivyotegemea.

Jioni Sista alikuja bwenini. Kama kawaida hatukumsikia. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu akataka nimsimulie ule uzazi wa kisiwani, hatua kwa hatua, bila kuruka. Nikamsimulia.

"Ulichelewa kumfuta pua," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Na mama yake?"

"Dhaifu, Sista. Dhaifu sana."

Akalikunja na kulikunjua pindo la shuka langu. Kisha akasema mwezi ujao turudi kule, tupeleke maziwa ya unga, na tuchukue glavu mpya zile alizokuwa amezificha kwa ajili ya wageni. Akatoka.

Tulirudi, mwezi huo na mingine mingi. Nahodha alitupa nafasi kila mara, ingawa hakuwahi kutuchekea. Yule msichana aliishi mpaka mwanawe alipoanza kutembea, akamwona akianguka na kuinuka kwenye dagaa zilizoanikwa, na siku hiyo alicheka. Baada ya hapo bibi yake ndiye aliyemlea, kwa samaki na kwa makelele, na mtoto alikua na sauti kubwa kama ya bibi yake.